Mji wa Jazz Ulilelewa na Opera

Watu wengi huenda New Orleans kuifuata jazz. Mimi nilikwenda kwanza kutafuta jumba la opera lililoungua zaidi ya karne moja iliyopita, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba bila jumba lile jazz isingezaliwa katika mji ule, au ingetoka na sauti nyingine kabisa.

Jumba lenyewe lilisimama kwenye kona ya mitaa ya Bourbon na Toulouse, ndani ya mji wa kale wa Wafaransa. Leo pana hoteli. Nilifika asubuhi, wahudumu wa baa wakisugua barabara kwa maji ya sabuni kuondoa pombe iliyomwagika usiku. Hapo ndipo French Opera House ilipofunguliwa tarehe 1 Desemba 1859 kwa Guillaume Tell ya Rossini, na hapo ndipo ilipoteketea usiku wa tarehe 4 Desemba 1919. Katika miaka sitini iliyo kati ya tarehe hizo mbili, mkazi wa mitaa hii alizijua nyimbo za Verdi na Donizetti kama mtu wa pwani yetu anavyozijua kasida za maulidi: hata asiyeingia ndani huzisikia dirishani, akazishika, akazipiga mluzi akienda kazini.

Wala halikuwa jumba la kwanza. Opera ya kwanza yenye kumbukumbu ya maandishi mjini humo ilichezwa Mei 1796, mji ukiwa bado mikononi mwa Wahispania. Baadaye ikaja Théâtre d'Orléans, nyuma ya kanisa kuu la St. Louis, ambayo kuanzia 1827 ilipeleka waimbaji wake kaskazini kuwaonyesha watu wa New York na Philadelphia opera ya Kifaransa ikoje. Roshani zake za juu zilitengwa kwa ajili ya weusi, walio huru na watumwa. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu historia nyingi za jazz huanza na ngoma, zikaruka hadi kwenye danguro, zikasahau roshani ile. Mtu mweusi wa New Orleans alisikia opera. Aliisikia akiwa amebaguliwa, lakini aliisikia vizuri, maana kila mpenda muziki anajua kwamba sauti hupanda juu.

Kutoka kona ile hadi Congo Square ni mwendo mfupi kwa miguu. Unavuka Mtaa wa Rampart na umeingia kitongoji cha Tremé. Mwaka 1817 baraza la mji liliamuru kwamba watumwa wasikusanyike kucheza ila Jumapili, na mahali atakapopachagua meya; mahali hapo pakawa uwanja huu. Miaka miwili baadaye Benjamin Latrobe, mmoja wa wasanifu wa jengo la Bunge la Marekani, alipita karibu, akasikia kishindo, akaenda kutazama. Katika daftari lake alichora ngoma na chombo cha nyuzi chenye tumbo la kibuyu. Jumapili mchana wapiga ngoma bado hukutana hapo, chini ya mialoni mikubwa, na mgeni haulizwi kitu akitaka kuketi nao.

Ndani ya bustani hiyo hiyo, iliyopewa jina la Louis Armstrong, limesimama Mahalia Jackson Theater, ambamo kampuni ya opera ya mji hufanya maonyesho yake. Niliketi kwenye benchi nikaviona vyote viwili bila kugeuza shingo, jumba la opera la leo na uwanja wa ngoma za watumwa. Wazee wa Tremé hawakusahau kwamba nyumba za mitaa kadhaa zilibomolewa ili nafasi hiyo ipatikane. Bustani ni nzuri, nami niliipenda, lakini wanaoimba sifa zake wanapaswa kutaja pia waliohamishwa.

Kati ya uwanja na roshani walikuwako watu waliozibeba sauti zote mbili. Kabla ya utumwa kufutwa, New Orleans ilikuwa na maelfu ya weusi na machotara waliokuwa huru, wanaoitwa Wakrioli: waashi, washonaji, maseremala, watengeneza sigara. Wengi walisoma muziki kwa nota, na katika miaka ya 1830 walikuwa na chama chao cha filharmonia. Edmond Dédé alizaliwa katika jamii hiyo mwaka 1827. Alijifunza fidla kwa mwalimu mweusi, Constantin Debergue, na kwa Mtaliano, Ludovico Gabici. Akasokota sigara hadi akapata nauli ya kwenda Ulaya, akafika Paris, kisha akafanya kazi Bordeaux kwa miaka mingi akiongoza okestra na kutunga. Mwaka 1887 alimaliza opera nzima, Morgiane, yenye kurasa zaidi ya mia tano za nota.

Jina hilo litamgusa msomaji yeyote aliyesoma Alfu Lela Ulela akiwa mtoto. Morgiana ni yule kijakazi mwerevu wa hadithi ya Ali Baba, na Dédé alichota jina humo. Mtu mweusi wa New Orleans, aliyezaliwa katika mji ambamo wenzake waliuzwa mnadani, akiwa Ufaransa akamwandikia opera mwanamke mwenye jina la kijakazi anayeishinda hila ya wenye nguvu. Haikuchezwa maishani mwake. Muswada ukaishia kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard, na ni hadi mwanzoni mwa 2025 ndipo OperaCréole, kikundi cha New Orleans kilichoanzishwa na Givonna Joseph na binti yake Aria Mason, kwa kushirikiana na Opera Lafayette ya Washington, kilipoiimba nzima. Kabla ya hapo sehemu zake zilisikika katika kanisa kuu la St. Louis, mjini kwake. Miaka mia moja na zaidi ya thelathini! Nilisimama mbele ya kanisa hilo nikihisi hasira na furaha kwa pamoja, na sikutaka moja imfukuze mwenziwe.

Dédé mwenyewe alirudi nyumbani mwaka 1893, akiwa mzee na mwenye jina. Meli yake ilipata ajali njiani, na fidla yake ya thamani inasemekana ilipotea humo. Alipiga katika kumbi za New Orleans, akasifiwa, kisha akarejea Ufaransa, kwa kuwa ubaguzi ulikuwa umekaza kamba. Mwaka uleule wa 1893, Antonín Dvořák, mtunzi wa Bohemia aliyekuwa akifundisha New York, aliwatangazia Wamarekani kwamba muziki wao wa baadaye ungejengwa juu ya nyimbo za weusi. Maneno ya Dvořák yanakumbukwa katika kila kitabu. Mtunzi mweusi aliyekuwa na opera iliyokwisha kuandikwa alikuwa akipita nchini mwezi baada ya mwezi, na hakuna jumba lililomwomba aifungue.

Kamba iliyokaza ina tarehe. Mwaka 1892 Homer Plessy, fundi viatu Mkrioli wa New Orleans, aliketi kwa makusudi katika behewa la wazungu. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba kuwatenga watu kwa rangi ni halali. Kabla ya hapo Mkrioli mwenye ngozi nyeupe kidogo na nota mkononi aliweza kupata nafasi ambazo mweusi wa mitaa ya juu hakuzipata. Sasa sheria ikawasukuma wote upande mmoja. Mwalimu wa klarineti aliyefunzwa kwa vitabu akajikuta kwenye bendi moja na kijana aliyejifunza kanisani na mtaani, kwa masikio peke yake. Sisemi kwamba dhuluma ni mama wa sanaa. Watu wale wangetunga makubwa zaidi wakiachwa huru. Nasema tu kwamba ndivyo walivyokutana.

Ukitaka kuwaona wakikutana, fuata ukoo wa Tio. Lorenzo Tio, mzaliwa wa Mexico mwenye asili ya New Orleans, na mwanawe wa jina hilo hilo walifundisha klarineti kwa ukali: kwanza usome nota kwa sauti, ndipo uguse chombo. Kwa Lorenzo mdogo walipita Barney Bigard, ambaye baadaye alipiga kwa Duke Ellington, Jimmie Noone, Albert Nicholas na Omer Simeon. Upande wa pili alikuwako Buddy Bolden, mpiga koneti aliyezaliwa 1877, ambaye hatuna hata rekodi yake moja. Wazee walisimulia kwamba John Robichaux na okestra yake ya wasoma nota walipopiga Lincoln Park, Bolden alikuwa jirani, Johnson Park, akaielekeza koneti yake kule na kuwaita watu, nao wakahama. Mwaka 1907 Bolden aliingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili na hakutoka hadi kufa kwake 1931. Nota za Robichaux zipo, zimetunzwa Chuo Kikuu cha Tulane. Sauti ya Bolden iko kwa kila mpiga tarumbeta aliyemfuata.

Mpiga piano Jelly Roll Morton aliusema mkutano huo kwa vidole. Mwaka 1938, mbele ya kinasa sauti cha Alan Lomax katika Maktaba ya Bunge mjini Washington, aliupiga Miserere kutoka Il Trovatore ya Verdi kama ulivyoandikwa, kisha akaupiga tena kwa mwendo wa New Orleans. Jumba la Bourbon lilikuwa limeungua miaka kumi na tisa nyuma yake, nalo lilikuwa bado limo katika mkono wake wa kulia. Armstrong naye alizoea kuchomeka vipande vya Rigoletto katikati ya mapigo yake. Na Ernest Ansermet, kiongozi wa okestra wa Uswisi, alipomsikia mpiga klarineti Sidney Bechet huko London mwaka 1919, aliandika kwamba huyu ni msanii mkubwa. Sikio lililozoeshwa simfoni halikupata shida kumtambua mtoto wa mji wa opera.

Usiku nilikwenda Preservation Hall, Mtaa wa St. Peter, chumba kidogo kilichofunguliwa 1961, hakina pombe wala mapambo, watu wamekaa kwenye mabenchi na matakia sakafuni. Wengi wanakidharau kwa kuwa ni cha watalii. Nami nasema mtu aende. Unakaa hatua mbili kutoka kwenye tromboni, unasikia pumzi kabla ya sauti. Kisha nikatembea hadi Mtaa wa Frenchmen, ambako wenyeji wengi zaidi huenda, nikaingia klabu ya Snug Harbor. Humo ndimo Ellis Marsalis alimopiga piano kwa miongo mingi, hadi UVIKO ulipomchukua tarehe 1 Aprili 2020. Mwanawe Wynton alipiga koncerto ya Haydn na okestra ya mji akiwa na miaka kumi na minne, na mwaka 1984 alipokea tuzo ya Grammy ya jazz na ya muziki wa klasiki usiku mmoja. Terence Blanchard, mwanafunzi wa Ellis, mwaka 2021 akawa mtunzi mweusi wa kwanza ambaye opera yake ilichezwa Metropolitan Opera ya New York. Ulimwengu ulishangaa kwamba mpiga tarumbeta wa jazz ameandika opera. New Orleans hawakushangaa. Walikwisha kuicheza opera yake ya kwanza, Champion, mwaka 2018.

Okestra ya mji ina kisa chake, na nakithamini kuliko ukumbi wake wa fahari. Okestra ya zamani ilipovunjika kwa kukosa fedha, wanamuziki walikataa kutawanyika. Mwaka 1991 wakaunda Louisiana Philharmonic Orchestra, inayoendeshwa na wapigaji wenyewe: wao huketi kwenye bodi, wao hupiga kura. Kimbunga cha Katrina kilipovunja kingo Agosti 2005, Orpheum Theater, jumba lao la mwaka 1918, lilijaa maji, nao wakapiga makanisani na vyuoni kwa miaka kumi hadi jumba lilipofunguliwa tena 2015. Nilikaa roshani ya juu kwa hiari yangu. Walipiga Dvořák, simfoni ile ya Dunia Mpya. Katika mwendo wa taratibu mwanamke mmoja mzee mweusi mbele yangu alikuwa akiimba chinichini, na hakuna aliyemnyamazisha. Katika kumbi nyingi nilizoingia Ulaya angekwisha kutazamwa vibaya.

Lakini nilichokwenda kuona hasa, baada ya kona ya Bourbon, kilikuwa mtaani. Mwenyeji wangu, dada wa Kitanga anayefanya uuguzi mjini humo, alikuja kunichukua Jumapili adhuhuri.

“Kaka, vaa viatu vya kutembea,” akaniambia. “Hapa mtu hakai akatazama.”

Karibu kila Jumapili, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Juni, chama kimoja cha mtaa huandamana na bendi ya matarumbeta kwa takribani saa nne. Vyama hivi ni vya kusaidiana na kufurahi, na asili yake ni umoja wa weusi waliochanga fedha ili mgonjwa atibiwe na maiti azikwe kwa heshima, wakati ambapo hakuna kampuni ya bima iliyowataka. Young Men Olympian, kimojawapo, kilianzishwa 1884. Wenye chama na bendi ni mstari wa kwanza: suti za rangi moja, viatu vya rangi hiyo hiyo, mapepeo ya manyoya, mikanda mabegani. Sisi tuliobaki, wajukuu, majirani, wapita njia, wauza bia wenye maboksi ya barafu, ni mstari wa pili. Ndiyo sababu maandamano yote huitwa hivyo.

Susafoni ilipotoa sauti ya kwanza, mimi na dada tulitazamana.

“Si beni hii?” akaniuliza.

Ni beni. Kwa roho, ni beni tupu. Pwani yetu, kuanzia miaka ya 1890, vijana wa Mombasa na Lamu walichukua matarumbeta na ngoma za kijeshi, wakaunda vyama vyenye wafalme, maofisa na sare, wakashindana mitaani. Mojawapo ya chemchemi zake ilikuwa bendi ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru karibu na Mombasa. Askari wa Vita Kuu ya Kwanza wakaieneza hadi bara, na Dar es Salaam ikagawanyika kati ya vyama vya Marini na Arinoti. Nao pia walizikana, walichangiana, walisimamiana misibani. Hawa hawakujifunza kutoka kwa wale. Waliotolewa utumwani pande mbili za dunia walishika vyombo vya shaba vya wakubwa wao, wakavifanya chama cha maziko na cha furaha kwa wakati mmoja. Unguja, kikundi cha Mbwa Kachoka bado kinaipiga beni harusini, na Dar es Salaam bwana harusi asiyepelekewa matarumbeta huona amepunguziwa.

Tofauti ni kwamba watu wa New Orleans waliendelea kusomesha. Baada ya Katrina, Derrick Tabb, mpiga ngoma wa Rebirth Brass Band, alianzisha mwaka 2007 mpango wa Roots of Music, ambao huwafundisha watoto nota na vyombo kila siku baada ya shule, na huwapa chakula na usafiri wa kurudi nyumbani. Nasi tulikuwa na Freretown. Tulikuwa na bendi za shule za misheni, za polisi, za jeshi, ambamo wapigaji wengi wa dansi walijifunzia saksafoni. Leo kijana wa Tanga akitaka kujifunza tromboni ataanzia wapi? Dhow Countries Music Academy ya Unguja imebeba mzigo huo tangu 2002, tena kwa taabu ya fedha inayojulikana. Ninauliza kwa sababu inaniuma.

Tulifika Barabara ya Claiborne. Hapo palikuwa na safu nne za mialoni ambamo familia nyeusi zilitandika mikeka siku za sikukuu; mwaka 1966 ikakatwa ili ipite barabara kuu ya juu, na maduka ya weusi yakafa kando yake. Nguzo za zege sasa zimechorwa, nyingine kwa picha za ile mialoni. Bendi haikuikwepa barabara ile. Iliingia chini yake na kusimama, kwa kuwa zege hurudisha sauti, na tarumbeta nne zikawa arubaini. Watu walipanda juu ya paa za magari na ngazi za nyumba. Bibi mmoja aliacha mkongojo wake kwa mjukuu, akacheza, kisha akadai mkongojo wake. Magari yaliendelea kunguruma juu yetu na hakuna aliyeyasikia.

Msafara ulipokwisha mbele ya baa ya mtaa, nilimfuata mpiga susafoni, mzee wa makamo aliyelowa jasho hadi kwenye tai. Dada alimsalimu kwa heshima, nami nikamuuliza kama anasoma nota. Akasema amesoma tangu shule ya msingi, kwamba mwaka mzima hupiga harusi, mazishi na kanisani, na kwamba akiitwa kujaza nafasi ya tuba kwenye okestra huvaa suti nyeusi na kwenda. Malipo, akasema, hayatoshi popote, ila mazishini angalau anakula. Ndoo ya kutuza ilikuwa ikizungushwa. Tukaweka tulichokuwa nacho. Alikuwa na saa moja tu kabla ya zamu yake Mtaa wa Frenchmen, na gari lake lilikuwa mwanzo wa msafara, maili kadhaa nyuma yetu. Dada akatoa funguo. Tukaifunga susafoni mkanda kwenye kiti cha nyuma, mimi nikajibana pembeni yake, na mzee akakaa mbele akimwelekeza dada njia ya mkato isiyopita chini ya ile barabara.